Upande wa Chini wa Mabenchi

Tangazo lenyewe lilikuwa la vigae tu. Mzee wa kanisa, yule ambaye waumini walimpachika jina la Breki kwa sababu hakuna jambo lililowahi kupita mbele yake bila kusimamishwa kwanza, alinyanyuka baada ya sadaka, akakohoa kikohozi chake cha matangazo, akasema sakafu ya kanisa itawekwa vigae wiki ijayo. Kwa hiyo Jumamosi wenye nguvu zao waje watoe mabenchi yote nje na kuyalaza kwenye majani miguu juu, ili miguu ipakwe dawa ya mchwa kabla hayajarudi ndani. Na kiti cha Mchungaji vilevile, akaongeza, maana mchwa hawajali cheo cha mtu. Watu wakacheka, wakaitikia amina. Fundi seremala, aliyekaa nyuma kabisa karibu na mlango, hakucheka wala hakuitikia. Jasho likaanza kumtiririka mgongoni ingawa madirisha yote yalikuwa wazi.

Mabenchi yote ya kanisa lile aliyatengeneza yeye, moja baada ya jingine, kadiri waumini walivyoongezeka. Hilo lilijulikana na wote. Kisichojulikana, au yeye aliamini hakijulikani, ni kwamba upande wa chini wa kila benchi, ule unaotazama sakafu, alikuwa amechonga. Alichonga majani, samaki, ndege, mbuzi, mikono ya watu, watoto waliolala. Miaka nenda miaka rudi alichonga huko chini bila kumwambia mtu, hata mkewe, na sasa Jumamosi miguu ingekuwa juu na siri yake ingeanikwa juani.

Mtu asiyemjua angeuliza, samaki wa kuchonga ana kosa gani hata amtoe mtu mzima jasho? Jibu liko nyuma kidogo. Kabla ya kuokoka, fundi huyu hakuwa fundi wa mabenchi. Alikuwa mchongaji, na si mchongaji wa kubahatisha. Alichonga wanyama na vichwa vya watu kwa ajili ya maduka ya wageni, na wenye maduka waligombana kwa ajili ya kazi yake. Halafu siku moja alipita nje ya kanisa, wakati huo likiwa banda la mabati, akasikia watu wanaimba, akaingia kusikiliza wimbo mmoja tu. Alitoka akiwa amelia mpaka macho yamevimba. Mchungaji wa hapo alikuwa kijana, moto unamwaka, na alimwambia kwamba mtu akimpa Mungu moyo lazima ampe na kile kilichoushika moyo huo. Akamkumbusha ile amri inayokataza sanamu za kuchonga. Jumapili iliyofuata fundi alileta vinyago vyake vyote kwenye mkokoteni, vikachomwa nje ya banda watu wakiimba.

Na tuseme ukweli, maana wapo wanaopenda kuisimulia hadithi hii kana kwamba alinyang'anywa. Hakunyang'anywa. Alivitoa mwenyewe kwa mikono yake, kwa furaha, na furaha ile haikuwa ya kuigiza. Alirudi nyumbani mwepesi, akalala usingizi wa mtoto mchanga. Kitu kimoja tu kilimshika mkono pale motoni, nacho ni kichwa cha mama yake. Mama alikuwa amefariki fundi akiwa bado kijana, na katika maisha yake yote hakuwahi kupigwa picha hata moja. Fundi alikuwa amemchonga kwa kumbukumbu, sura ikiwa bado mbichi akilini, kitambaa cha kichwa kimefungwa pembeni na fundo limekaa juu ya sikio la kushoto kama alivyopenda kufunga. Kile kichwa hakikuwahi kuwa cha kuuza. Mchungaji alinyoosha mkono, fundi akampa, kikaenda na vingine.

Akawa seremala. Milango, vitanda, majeneza, kabati za jikoni. Alikuwa mwaminifu, alifunga, alitoa ushuhuda alipoombwa, na alipoomba peke yake alijua anasikilizwa. Ila mikono yake ilichelewa kuokoka. Ilikuwa ikishika ubao inatafuta kitu ndani yake, na yeye anaivuta irudi kwenye kazi, mlango uwe mlango. Banda la mabati lilipogeuka kuwa kanisa la matofali, akaombwa atengeneze mabenchi. Alipogeuza benchi la kwanza ili akaze miguu, akaona ule upande wa chini, mweupe, mtupu, ambao hakuna binadamu atakayeutazama tena. Patasi ilikuwa mkononi. Alichonga jani moja dogo, akaliangalia, akahisi kama mtu aliyekunywa maji baada ya safari.

Alijitetea mbele za Mungu kwa hoja aliyoitengeneza vizuri kama droo. Amri inakataza sanamu ambazo watu huziinamia. Nani anainamia upande wa chini wa benchi? Akaendelea. Benchi la pili lilipata ndege, la tatu samaki, na kadiri alivyochonga ndivyo alivyoomba, na jambo lililomchanganya kuliko yote ni kwamba hakuna mahali alipomsikia Mungu karibu naye kama pale, patasi mkononi, akifanya jambo ambalo aliamini Mungu huyo huyo amelikataza. Alimpenda Mungu kweli na alipenda kuchonga kweli, na hakuna aliyewahi kumwambia mtu afanyeje akiwa na mapenzi mawili.

Hoja ile nzuri ilivunjika Jumapili moja katikati ya maombi. Katika kanisa lao, wakati wa kuomba, watu hawabaki wamekaa. Wanageuka, wanapiga magoti sakafuni, wanainamia mabenchi yale yale waliyokuwa wameyakalia, viwiko juu ya ubao na vidole vimeshika ukingo. Fundi alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote ya wokovu bila kufikiri. Siku hiyo akafumbua macho katikati ya sala, akaona kanisa zima limepiga magoti, mgongo kwa mgongo, na kila mmoja ameinamia mnyama wake. Mzee Breki, mlinzi wa amri zote kumi, alikuwa amemwinamia mbuzi. Fundi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akaishia kufumba macho tena. Aliapa asichonge tena, na akashika kiapo mpaka alipoombwa atengeneze kiti cha Mchungaji.

Kiti kilihitaji ubao mnene. Alipoupata, mwekundu na mgumu, ulifanana mno na ule aliochongea kichwa cha mama yake, na hapo kiapo kikaisha nguvu. Alianza na fundo la kitambaa, kisha sikio, paji la uso, mashavu, mdomo ulioanza kutabasamu na kubadili mawazo. Kisha akafika kwenye macho, na macho hayakuwepo. Alikaa mbele ya ubao akayatafuta kichwani mwake, akakuta amesahau. Alijua mama alikuwa na macho na kwamba yalimtazama, lakini yalikuwaje, hakujua. Kumbukumbu yote alikuwa ameiweka kwenye kile kichwa, na kichwa kilikwenda na moto. Akaacha sehemu mbili tupu, akasema nitakumbuka, nitakuja kumalizia. Hakukumbuka. Kila Jumapili alimtazama Mchungaji akimkalia mama yake, akajaribu tena, akashindwa tena. Aliyatamani macho yale kuliko kitu chochote hapa duniani, na hakuweza hata kuyaombea, maana angesemaje?

Sasa Jumamosi ilikuwa inakuja. Siku tatu fundi alikula bila kujua anakula nini. Alhamisi mchana alikata shauri. Angepita na randa, asawazishe kila benchi chini, asafishe yote, na mabenchi yatoke nje yakiwa na mbao tupu kama za mafundi wengine. Alimwendea Breki kuomba ufunguo wa kanisa, akasema anataka kukaza miguu iliyolegea. Breki alimsifu kwa kujitolea. Sifa ile ilimchoma fundi kuliko tusi.

Alipokuwa akinoa ulimi wa randa karakanani, mkewe alikuja akasimama mlangoni na ufagio wake. Alikuwa mwanamke asiyeuliza maswali, anasubiri mpaka mtu achoke na kimya chake mwenyewe. Mara hii hakusubiri.

"Baba watoto, fanya utakavyofanya," alisema. "Ila la kwangu usiliguse."

Fundi alinyanyua kichwa. Akauliza la kwake lipi.

"La pili kutoka mbele, upande wa dirishani. Yule ndege. Nimemshika nikiwa na mimba, nimemshika wakati mtoto yuko hospitali. Ukimtoa, mimi sijui nitashika nini."

Akaeleza, kwa sauti ile ile ya kuzungumzia bei ya sabuni, kwamba amekuwa akifagia karakana hii tangu waoane, na maranda ya randa huwa marefu yamejikunja, lakini kila mwezi wa kutengeneza benchi alikuta vibanzi vifupi vifupi vya patasi. Benchi halina cha kuchongwa. Akaamua kuangalia kwa vidole. Fundi aliuliza kwa nini hakuwahi kusema. Mke alimjibu kwamba hata yeye fundi hakuwahi kusema, akaendelea kufagia.

Kanisani hakukuwa na mtu. Jua la alasiri liliingia kwa madirisha ya upande mmoja na kulala sakafuni. Fundi aliweka mkoba chini, akashika benchi la kwanza, akaligeuza. Hakuwa ameliona upande huo tangu siku alipolileta. Lile jani dogo lilikuwa linang'aa. Si kwa vanishi, hakuwahi kupaka vanishi huko chini. Lilikuwa limelainika na kushika weusi wa mafuta ya mikono, mpaka mishipa ya jani ilikuwa karibu kufutika.

Akageuza la pili, na la tatu. Karibu na ukingo, pale vidole vinapofika mtu akipiga magoti, kila mchongo ulikuwa umesuguliwa. Samaki alikuwa amepoteza magamba. Mikono ya kuchonga ilikuwa imeshikwa na mikono ya watu mpaka kucha zake zimeisha. Alikwenda kwenye benchi la Breki, akaligeuza kwa tahadhari kama anayefunua chungu cha mtu, akakuta mbuzi hana masikio. Masikio yalikuwa yameliwa na vidole, Jumapili baada ya Jumapili, na mtu aliyeyala ndiye aliyekataza kwaya isipige makofi.

Fundi alikaa chini sakafuni. Kanisa zima lilijua, kila mtu kivyake, na kila mmoja alinyamaza akidhani ni yeye peke yake. Kwa miaka yote alitamani mtu mmoja tu aone kazi yake, na kumbe walikuwa wameishika. Alijua pia kwamba jambo hilo halimwondolei kosa, kama ni kosa, bali linalizidisha, maana sasa hata ile hoja yake haikuwa na mguu wa kusimamia. Akashika randa. Akasema ataanza na kiti cha Mchungaji, kwa kuwa hicho ndicho kibaya kuliko vyote, na akimaliza hicho vingine vitakuwa rahisi.

Alikilaza kiti kifudifudi mbele ya madhabahu. Mama yake akatokea, na fundo lake pembeni, na pale pa macho pakiwa patupu. Alikuwa ameshika randa juu ya paji lile la uso wakati mlango wa pembeni ulipofunguka na Mchungaji akaingia.

Mchungaji hakuwa tena yule kijana wa moto. Magoti yalikuwa yanamsumbua na mvi zilishamkamata. Alitazama mabenchi yaliyogeuzwa, akatazama kiti, akatazama randa. Fundi alisubiri asikie anachostahili. Badala yake Mchungaji alijisogeza, akapiga magoti kwa taabu upande wa pili wa kiti, akaweka vidole juu ya lile fundo la kitambaa.

"Kumbe ndiye," alisema. "Nilijua kwa fundo. Sikuwahi kukigeuza. Niliogopa nikiona itanilazimu niseme neno."

Fundi alisema ni mama yake.

"Najua ni mama yako. Nilimshika mimi. Vingine vyote nilivitupa. Huyu alikuwa ananitazama. Nilitaka kumficha ndani ya koti, lakini watu walikuwa wanaimba, wote macho kwangu. Nikatupa."

Mchungaji akaendelea, taratibu, akieleza kwamba siku zile kila aliyeokoka alimtaka aache kitu, ili mabadiliko yaonekane. Walevi waliacha pombe, wagomvi waliacha ugomvi. "Wewe hukuwa na pombe, fundi. Hukuwa na wanawake. Nikatafuta cha kukuachisha." Alisema hajui hata leo kama alikosea, maana moyo wa fundi uligeuka kweli na yeye aliuona ukigeuka. Ila kila Jumapili akipiga magoti kwenye kiti hiki, vidole vyake vinakuta sikio la yule mama, na anashindwa kuomba mpaka amwombe radhi kwanza. Kisha akasogeza vidole, vikafika pale patupu, vikasimama.

"Mbona hukumpa macho?"

"Nimesahau," fundi alisema. Alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo kwa mtu. "Nilimchonga mara moja, Mchungaji. Nikadhani yupo. Sasa sikumbuki. Mke wangu hakumkuta. Ndugu sina. Hakuna mtu duniani anayemjua."

Mchungaji alifumba macho. Alipozungumza alizungumza kama mtu anayesoma kitu kilicho mbali.

"La kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia," alisema. "Kidogo tu. Na kope za chini zilikuwa zimejaa, kama mtu anayetaka kucheka lakini kuna mgeni. Yalikuwa yanatazama chini kidogo, si mbele. Yalikuwa yananitazama mikono."

Fundi aliiacha randa ikatoka mkononi. La kushoto dogo. Ndiyo. Mama alikuwa akilifinya lile jicho akitunga uzi kwenye sindano, na likabaki hivyo hata asiposhona. Aliona sindano, aliona uzi, aliona kidole gumba kimelowa mate, na nyuma ya sindano yakaja macho, yote mawili, yakiwa na kile kicheko kilichozuiliwa. Akalia, na Mchungaji hakumwambia anyamaze.

Baada ya hapo alifungua mkoba, akaipita misumari na nyundo, akatoa patasi ndogo kuliko zote. Aliuliza kama anaruhusiwa. Mchungaji alisema hajui. Alisema Jumapili watu watamuuliza swali hilo hilo, na yeye ndiye atakayejibu, na sasa hivi hana jibu hata la kujifariji. Kisha akashika miguu ya kiti kwa mikono miwili, akakibana kwenye kifua chake kisicheze.

Fundi alichonga. Mchungaji akawa anasema, la kulia lifungue zaidi, hapana, sasa umezidisha, hapo, hapo. Mara nyingine walibishana, na fundi akashinda mara moja na kushindwa mara mbili. Jua lilipofika ukutani aliondoa vumbi kwa pumzi, na wote wawili wakatazama. Mchungaji alisema hayakuwa hivi kabisa, lakini ni karibu. Fundi alijua ni karibu tu. Macho yenyewe yaliungua, na hiki ni kile ambacho wanaume wawili waliweza kukibeba mpaka leo. Randa alikuja kuikumbuka nyumbani, akakuta hakuirudisha mkobani.

Jumamosi watu walijaa. Mabenchi yalitolewa na kulazwa kwenye majani miguu juu, na kelele za kubeba zikapungua zenyewe, watu wakaanza kupita katikati yake wakiinama. Kila mmoja alikwenda kwenye benchi lake bila kuelekezwa. Wapo walionuna, na mwanamke mmoja aliwachukua watoto wake akaondoka bila kuaga. Breki alisimama mbele ya mbuzi wake. Alikohoa kile kikohozi cha matangazo, watu wakageuka, lakini tangazo halikuja. Mwishowe alimwita fundi pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba jambo hili lina maswali mengi na litajadiliwa, ila kwa sasa masikio ya huyu mnyama yameisha, na aliyeyatengeneza ndiye anayejua kuyarudisha.

Kiti kilitoka mwisho, Mchungaji mwenyewe ameshika upande mmoja. Wakakilaza, majani yakakipokea, na kwa mara ya kwanza tangu achongwe, yule mama akatazama anga, jua usoni, jicho la kushoto likiwa limefinywa kidogo. Fundi alibaki amesimama hatua chache nyuma, hathubutu kusogea. Mkewe ndiye aliyesogea. Aliweka ufagio chini, akajifuta mikono kwenye nguo, akachuchumaa mbele ya mama mkwe ambaye hakuwahi kumwona.

"Shikamoo, mama," alisema.

Hakuna aliyejua nani anapaswa kuitikia. Kisha fundi akaitikia kwa niaba yake.